Panda kwa miguu, shuka kwa bodaboda

"Mwanangu, kwani unaona mimi nakaa saa ngapi?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na mama wa miaka 67 nilipomwambia anatakiwa atembee nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Siku hiyo alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, amekata majani ya ng'ombe, ameyabeba kichwani hadi zizini, amefagia uwanja, amewasha moto na kupika chai, ndipo akashuka kuja kliniki. Mimi nilikuwa kitini tangu saa mbili. Alinitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyenyoosha kidole kabla swali halijaisha. Na mwalimu kweli ndiye: amefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini hadi akastaafu.

Naandika kisa chake kwa ridhaa yake. Jina halimo, na mambo machache nimeyabadilisha asitambulike. Humu ataitwa Mwalimu, kama anavyoitwa na kijiji kizima, huko Machame, wilaya ya Hai, kwenye mteremko wa Kilimanjaro ambako barabara haijui tambarare. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba. Nakiandika kwa sababu mara ya kwanza nilimharibia, na nilimharibia kwa ushauri ambao ukiusoma kwenye karatasi huoni kosa lolote.

Alichokuja nacho

Hakuja kwa sababu anaumwa. Alikuja kwa sababu ya mama yake mzazi, aliyefariki akiwa na miaka themanini na kitu, na ambaye kwa miaka ya mwisho hakumtambua bintiye. Ukoo ulisema ni uzee tu, amerudi utotoni. Mwalimu ndiye aliyemuuguza. Alikuwa akifunga geti kwa kamba usiku bibi asitoke akapotelea mgombani, na mchana akijibu swali moja mara ishirini.

"Alikuwa ananiita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani," alisema. "Na mimi juzi kwaya ubeti wa pili wote ulinipotea, nikabaki nafungua mdomo tu. Niambie ukweli. Na mimi ninaelekea huko?"

Swali hilo linaulizwa sana, na huku kwetu lina takwimu zake. Utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia, yaani ule ugonjwa wa usahaulifu unaokula uwezo wa mtu hadi ashindwe kujihudumia. Kwa hiyo wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu waje wakae kwenye baraza za Machame.

Tulimpima kwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho nakipenda kwa sababu kilitengenezwa hukuhuku Hai, kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakushika kalamu. Hakuna kuchora saa wala kuandika sentensi. Unatajiwa maneno kumi, baadaye unaulizwa umebaki na mangapi. Unaulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji ni nani. Unataja wanyama kwa dakika moja. Halafu unapangiwa vijiti vinne vya kiberiti kwa umbo fulani, unaambiwa panga na wewe hivyo hivyo. Mwalimu alivipanga, akavinyoosha kwa ncha ya kidole vikakaa sawa kuliko vyangu. Kwenye wanyama alianza na ng'ombe akamalizia na nyangumi. Hakuwa na dalili ya demensia, na nilimwambia hivyo. Ubeti uliopotea kwaya ni ubeti tu.

Lakini alikuwa na mambo mengine. Presha ilisoma 158 kwa 94, na dawa alikuwa akimeza siku akijisikia vibaya, siku nyingine anazihifadhi zisiishe upesi. Goti la kulia lilikuwa limeanza kusagika. Sukari ilikuwa sawa. Kitu kingine kimoja sikukiona siku ile, nitakifikia.

Karatasi

Nilimpa karatasi. Ilisema atembee kwa haraka dakika thelathini, siku tano. Achuchumae na kuinuka mara kumi, raundi tatu. Asimame kwa mguu mmoja. Hiyo ni muhtasari wa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili, na kwa wazee mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, siku tatu. Nilimweleza, akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Nikaridhika. Lile swali lake la "nakaa saa ngapi" nililichukulia kama utani wa wazee, nikacheka naye.

Alirudi baada ya miezi miwili, tena si kwa tarehe niliyompangia. Goti lilikuwa limevimba kama kikombe kilichofunikwa chini ya ngozi.

Nilipomwuliza taratibu, hadithi ikatoka. Alikuwa na bidii kuliko mgonjwa yeyote niliyempa karatasi mwaka ule. Kwa kuwa "kutembea kwa mazoezi" hakuwezi kuwa kutembea kule kwa kila siku, aliamua kila jioni ashuke hadi lami, kisha apande kurudi. Kuchuchumaa alifanyia kwenye kigoda cha jikoni, kile cha kukalia ukimenya ndizi, ambacho kiko karibu na ardhi kabisa. Wiki ya tatu goti likamkatalia. Akaacha kutembea na kuchuchumaa, na kwa kuwa kanisa liko juu ya kilima, akaacha na kwaya.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa kosa langu. Mwanamke alikuja kwangu akiwa na kitu kimoja kizuri sana kwa ubongo wake, yaani kila Alhamisi na Jumapili kupanda kilima, kukutana na watu, kukariri maneno mapya na kuyaimba kwa sauti nne. Karatasi yangu ya kumkinga na usahaulifu ilimwondolea hicho.

Na lile nililokosa siku ya kwanza lilijitokeza hapo hapo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiangalia mgongo, nikamwuliza kama anasikia maumivu kiunoni. Kimya. Nikauliza tena, kimya. Nilipozunguka mbele akaona midomo yangu, akajibu mara moja. Kumbe maelezo yangu yote ya mara ya kwanza aliyaitikia kwa adabu tu, nusu yake hakuyasikia. Mwalimu mstaafu hawezi kumwambia kijana wa kliniki "sijasikia" mara tatu. Tulimpeleka akasafishwe masikio, nta iliyotoka ilikuwa ya miaka, na upande wa kushoto ulibaki mzito hata baada ya hapo.

Nani alifanyiwa utafiti, na nani alikuwa mbele yangu

Nikarudi kusoma, maana nilikuwa na aibu.

Utafiti unaotajwa zaidi katika kukinga usahaulifu ni wa Finland, unaitwa FINGER, ulioongozwa na Miia Kivipelto na kuchapishwa mwaka 2015. Watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, waliokuwa na vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata demensia, lakini bado hawajaugua, walifuatwa miaka miwili. Nusu yao walipata ushauri wa kawaida wa afya. Nusu nyingine walipata lishe, mazoezi ya akili, ufuatiliaji wa presha na sukari, na mazoezi ya mwili. Mwishoni, maendeleo ya hao wa pili kwenye vipimo vya akili kwa ujumla yalizidi ya wenzao kwa asilimia 25.

Watu hunukuu hiyo asilimia 25 wakaishia hapo. Mimi nilipousoma kwa mara ya pili nilisimama kwenye namna mazoezi yenyewe yalivyotolewa. Mtaalamu wa mazoezi tiba alimpangia kila mtu programu yake, mazoezi ya misuli mara moja hadi tatu kwa wiki, ya kuhemesha na kukimbiza moyo mara mbili hadi tano, yakianza kidogo na kupanda kadiri mwili unavyokubali. Na hata kwa uangalizi huo wote, asilimia 5 ya waliokuwa kwenye programu waliripoti maumivu ya misuli na viungo, wakati kwenye kundi la kulinganisha hakuna hata mmoja. Wafini wenye mashine na msimamizi waliumia. Mimi nilimtuma mwanamke mwenye goti bovu kwenye mteremko wa Machame na karatasi.

Kuna tafiti zinazovunja moyo pia, na anayezificha anadanganya. Mwaka huo huo wa 2015, Marekani, utafiti uitwao LIFE uliwachukua wazee 1,635 wa miaka 70 hadi 89 waliozoea kukaa, wengine wakapewa programu ya mazoezi kwa miaka miwili, wengine masomo ya afya. Kwenye vipimo vya akili hawakutofautiana. Uingereza mwaka 2018, utafiti wa DAPA uliwapa mazoezi makali watu ambao tayari wana demensia, jumla walikuwa 494. Miili yao ikapata nguvu, usahaulifu haukupungua kasi. Na FINGER yenyewe ilichanganya mambo manne kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuchomoa mazoezi peke yake ukasema hiki ndicho kilichofanya kazi.

Tume ya jarida la Lancet inayoongozwa na Gill Livingston ilihesabu mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa. Kutofanya mazoezi, peke yake, kulipewa asilimia 2. Mbili tu! Usikivu hafifu ulipewa 7. Niliposoma hivyo nilikumbuka ile nta.

Je, kuna haja basi ya kumsumbua mtu na mazoezi? Nafikiri ipo, kwa sababu mazoezi hayakai kwenye chumba chake peke yake. Yanaingia kwenye presha, kwenye sukari, kwenye unene, kwenye sonona, kwenye upweke, na vyote hivyo vina mistari yao kwenye ile orodha ya 14. Ila ni lazima yawe mazoezi ambayo mtu huyu anaweza kuyafanya mwaka huu na mwaka ujao, bila kumpokonya vingine.

Tukirudi kwa Mwalimu, lile swali lake halikuwa utani. Yeye hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa mtu wa sulubu. Na sulubu ya kutwa si sawa na zoezi: mwendo wake ni mmoja tangu asubuhi, mzigo uko shingoni na magotini, hakuna dakika ya kuhema sana wala siku ya kupumzika. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2023 ulikuta kwamba watu waliofanya kazi za kutumia mwili miaka yote walipatwa zaidi na upungufu wa kumbukumbu uzeeni kuliko wa kazi za kukaa. Humo kuna elimu na kipato ndani yake, si jasho peke yake, na Mwalimu mwenyewe ana elimu. Lakini inatosha kumzuia mtu kama mimi asiseme "wewe mama wa shamba huna haja ya mazoezi", na pia asimwongezee kutembea juu ya kutembea.

Kabla ya kuongeza, tulipunguza

Kijana wake anayeishi Dar es Salaam alinipigia simu. Hakuwa na furaha.

"Daktari, mama ana presha, goti limevimba, halafu mnampandisha mlima? Mimi nimemwambia akae. Amefanya kazi vya kutosha. Nitaleta binti wa kazi afanye kila kitu, yeye apumzike."

Mimi si daktari, lakini hilo niliacha lipite. Hoja yake naiheshimu. Kwetu kumpumzisha mzazi ndiyo shukrani yenyewe: unamtoa jembe mkononi, unamnunulia kochi, unamwekea televisheni, na majirani wanakusifu. Nimewaona wazee wengi waliopumzishwa hivyo. Baada ya mwaka mmoja kuinuka kwenye lile kochi ni mpaka ashikwe mkono.

Nikamwambia, huyo binti mlete, ila abebe majani. Majani tu na maji. Kilima mwachie mama. Na ile hela uliyotaka kununulia kochi, tumia kulipa bodaboda.

"Bodaboda ya kwenda kanisani?"

"Ya kurudi."

Alinyamaza kidogo. Nikamweleza kwamba kupanda kunamfanya moyo na mapafu yafanye kazi, misuli ya mapaja na makalio isukume, na goti linavumilia. Kushuka ndiko kunakolitesa. Kila hatua ya mteremko, paja linashikilia uzito wote wa mwili lisiachie, na kichwa cha goti kinakandamizwa kwa nguvu kubwa. Ukiweza kupanda bila kushuka, umepata dawa bila sumu yake. Kwenye nchi tambarare wanahangaika kutafuta mashine ya kupandia mlima. Sisi mlima tunao, tulikosa tu namna ya kurudi.

Tabibu alimwona kwanza, akampangia dawa za presha upya na akamweleza kwa nini zimezwe kila siku, hata siku ya kujisikia vizuri. Hapo nilikuwa na kitu cha kuongeza: utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, wenye watu zaidi ya 9,000, ulikuta kwamba kuishusha ile namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 kulipunguza upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa asilimia 19, ingawa kwa demensia yenyewe tofauti haikuthibitika. Mwalimu aliposikia kwamba kidonge kile kina uhusiano na alichokufa nacho mama yake, hakukiruka tena. Miaka yote alikuwa akiambiwa kinazuia kiharusi, na kiharusi hakikuwa hofu yake.

Dawa mojawapo ilikuwa ya lile kundi linalotuliza mapigo ya moyo. Jambo dogo, lakini lingetuangusha. Ule ukokotozi wa 220 toa umri ungempa kilele cha mapigo 153 kwa dakika, na kwa zoezi la wastani tungesubiri mapigo yapite 100. Nilipopanda naye kilima mara ya kwanza alikuwa anahema kwelikweli, jasho puani, na mapigo yakasoma 94. Ningemwambia "bado, ongeza kasi", ningemwangusha njiani.

Tukatafuta kipimo kingine, na kikatoka kinywani mwake. Kwenye njia ile huwezi kupita bila kusalimiwa, na salamu ya Kichaga haina haraka. Tukakubaliana hivi. Ukiweza kuimba, mwendo ni mdogo, ongeza. Ukiweza kuitikia "marahaba" na habari za nyumbani kwa mafungu, hapo hapo. Ukishindwa hata kuitikia salamu, simama.

Nguzo

Saa hana, na simu yake ni ya vitufe, inakaa kabatini. Lakini kandokando ya njia ya kwenda kanisani zimepita nguzo za umeme. Tulianza na nguzo moja ya haraka, tatu za polepole. Baada ya wiki mbili, moja na mbili. Mwezi wa tatu alikuwa anafanya mbili za haraka na mbili za polepole, hadi juu. Alhamisi na Jumapili kwa sababu ya kwaya, na Jumanne tukaongeza safari moja kwa sababu ya goti: tulitaka kujua kama litabeba mara tatu. Lilibeba.

Nguvu za miguu tulizianzia kwenye kiti cha mbao cha mezani, kile kirefu, tena tukaweka mto juu yake ili asishuke chini sana. Kuinuka na kukaa, mikono kifuani. Goti lilipozoea, tukatoa mto. Halafu tukaleta dumu la lita 5, likiwa na maji nusu, akalikumbatia akiinuka. Kila wiki mbili akiona mara kumi hazimchoshi anaongeza kikombe. Hicho kikombe cha maji ndicho kilichomfurahisha kuliko yote. Alikuwa akinihesabia vikombe simuni kama mtu anayehesabu akiba ya kikoba.

Mizani aliifanyia kwenye nguzo ya baraza, mkono karibu bila kushika, akikariri ubeti wa wimbo mpya wa wiki. Sikumwekea hilo kwa sababu nina ushahidi kwamba kuimba kwa mguu mmoja kunazuia demensia. Nilimwekea kwa sababu mtu mzima huanguka akiwa anawaza kingine, si akiwa anaitazama miguu yake, na kwa sababu ubeti wa pili ulikuwa ukimtisha.

Maelekezo yote nilimpa nikiwa nimekaa mbele yake, upande wa kulia, kisha nikamwomba anifundishe mimi kama mwanafunzi wake. Alinisahihisha mara mbili.

Miezi tisa

Haikunyooka. Masika ilipoanza njia iligeuka utelezi, na kwa wiki nne kilima kilifungwa. Alipanda na kushuka kizingiti cha baraza badala yake, kipande kwa kipande cha wimbo, na alinikiri kwamba alikichukia. Mwezi wa sita ulitokea msiba wa shemeji yake, zikapita wiki mbili bila dumu wala nguzo. Sikumlaumu. Programu isiyo na nafasi ya msiba haijaandikwa kwa ajili ya mtu wa hapa. Aliporudi tulishuka vikombe vitatu, tukaanza tena.

Mwanzoni aliinuka kitini mara 9 kwa sekunde thelathini. Kwa mwanamke wa umri wake matarajio ni 11 hadi 16. Mwezi wa tisa aliinuka mara 14. Presha ilisoma 136 kwa 82. Goti bado limesagika, lakini halijavimba tena. Kwenye kipimo cha vijiti vya kiberiti alifanya vilevile kama mwanzo, na vijiti akavinyoosha vilevile.

Presha ilishuka kwa kilima au kwa vidonge? Nadhani zaidi kwa vidonge. Na je, nimemkinga na usahaulifu? Aliniuliza hivyo hivyo, na nilimjibu kwamba ugonjwa ambao haujaja haupimwi. Demensia hujengeka kimyakimya miaka mingi kabla ya kuonekana, naye alianza na miaka 67, si 45. Ninachoweza kusema ni kwamba ile miaka ya mama yake haikuwa na dawa ya presha ya kila siku wala mtu wa kumtoa nta masikioni, na ya kwake inavyo. Aliitikia kwa kichwa, safari hii nikijua amesikia.

"Basi tuendelee," akasema. "Kwaya wamenipa kuanzisha wimbo."

Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuata nyayo za ule wa Finland, watu 2,111 wa miaka 60 hadi 79. Kundi moja lilipangiwa kila kitu na kufuatiliwa kwa karibu, jingine likapewa maelekezo na kuachiwa lijipangie. Makundi yote mawili yalipanda kwenye vipimo vya akili, lile lililofuatiliwa likapanda zaidi. Tofauti yenyewe haikuwa kubwa. Nafikiri Mwalimu alikuwa katikati ya hayo mawili: mimi nilikuwa na goti lake na dawa zake kichwani, yeye alikuwa na nguzo, dumu na kwaya.

Jirani

Mwezi uliopita alikuja na mwenzake wa sauti ya pili, mama mmoja mnene mwenye kisukari cha miaka mingi. Mwalimu alikuwa ameshamnakilia kila kitu kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko wa ubaoni: nguzo mbili mbili, dumu la lita 5, bodaboda ya kurudi. Alilisukuma daftari mezani kwangu.

"Nimekurahisishia kazi. Weka saini tu, tuanze Alhamisi."

Nikamwamkia mgeni wetu, nikamwomba avue viatu. Akashangaa, akavua, akafumba macho nilivyomwelekeza. Kwenye kisigino kulikuwa na kidonda kidogo ambacho alisema hakijui. Nikachukua ule uzi mgumu wa nailoni tunaotumia kupima kama mguu bado unahisi, nikaubonyeza kwenye kidole gumba cha mguu, nikangoja, nikabonyeza tena pembeni, kisha chini ya wayo.

"Haya mwanangu, anza basi," alisema, macho bado ameyafumba.